Namba Tasa

Mama, shikamoo.

Mwanao hajambo, ila paa letu linavuja na viatu vyake havikauki. Mimi bado nafundisha hesabu. Jana niliandika namba iliyojaza ubao mzima, nikawaambia wanafunzi kuwa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba ya aina hiyo huitwa tasa. Ndilo neno uliloniita jikoni kwako mwaka jana.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, haina dawa?"

Nikamjibu, "Ongeza moja tu. Hata iwe kubwa vipi, itagawanyika kwa mbili."

Basi, Mama, nitafutie jina jingine. Nesi amethibitisha kwamba nami nimeongeza moja.

Ni sisi,
mkweo na mjukuu wako.