Gari Lililo Juu ya Mawe

Kwako Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na Mama. Natumaini mu wazima, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu. Mlango wa ofisi ukifunguliwa nashtuka.

Jana nilikupigia simu nikakuomba usilitoe pikapu la marehemu baba mpaka upate barua hii. Ukacheka, ukasema siku hizi nimekuwa mpiga ramli. Kaka, usicheke tena. Kaa chini usome.

Unakumbuka pikapu lilipokufa injini nikakujazia fomu ya gari lisilotembea. Kodi ya barabara hupangwa kwa uzito wa gari, na lile zito lingetutoa jasho. Lakini gari lililo juu ya mawe halilipiwi kitu, mradi mwenyewe atie sahihi kwamba haligusi barabara. Ulitia sahihi, na siku ile ilikuwa kweli. Kisha ukapata injini nyingine, ukalifufua, ukanyamaza. Nami nilijua, nikanyamaza vilevile.

Basi mwezi uliopita ofisi yetu ya kodi ya magari ilifunga kamera kwenye kizuizi cha tozo, na mimi nikapewa kazi ya kulinganisha picha za namba na orodha ya magari yasiyotembea. Wiki mbili zilizopita nikafungua picha, nikawaona ninyi. Bampa limefungwa kamba, wewe na kofia yako, Mama pembeni kakumbatia mkoba wa hospitali. Sikufungua picha nyingine. Mkuu wa ofisi alikuwa nyuma yangu, akauliza mbona nimekwama hapo.

Nilimjibu kwamba gari hilo ni la kwetu, liko nyumbani juu ya mawe, nimeliona kwa macho yangu; basi huyo ni mtu aliyeghushi namba yetu. Nilidhani ataweka alama tu, yapite. Kumbe namba ya kughushi hupelekwa polisi siku hiyohiyo, na gari huhesabiwa la majambazi. Jana nikasikia askari wa kwenye kizuizi wameambiwa wasilisogelee bila bunduki. Ndiyo maana nakusihi, Alhamisi Mama aende kliniki kwa teksi.

Hayo si yote. Ijumaa polisi walimkamata fundi wa vibao vya namba, yule mzee mcheshi mwenye kibanda mkabala na ofisi yetu, anayeniita mkwe kila nikipita. Nilimwona akipandishwa garini bila viatu. Alinitazama, akitumaini nitamtetea. Nikageuka nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Mkewe amenieleza kwamba wamemvunja mkono, na bado wanamuuliza namba ile alimtengenezea nani.

Sasa nikuambie lile ninaloona aibu kuliandika. Jana, nikiwa nimeshasikia habari za mkono ule, polisi waliniletea karatasi nithibitishe maneno yangu. Nilitia sahihi, Kaka. Niliogopa, nikatia sahihi.

Barua hii nampa kondakta wa basi la mchana. Kesho asubuhi naingia kwa mkuu wa ofisi kusema ukweli. Watu wa ofisi watakuja kwako na polisi. Pikapu liwe uani, boneti wazi, funguo juu ya kiti, nawe usimame mbali, mikono ionekane. Usijaribu kuniokoa kwa maneno.

Nisalimie wifi. Mama akiuliza niko wapi, mwambie. Tumekwisha kudanganya vya kutosha, na aliyevunjwa mkono si wa kwetu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba