Mama Anasema Tumesitirika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijabonyeza kitufe, kwa sababu simu iko mkononi na ndani yake mna picha ya shingo ya mama yangu, nami sijui kama kuituma ni kumwokoa au ni kumvua nguo mbele za watu.

Mama alikuwa akikaanga taamia, bajia za maharage, za kuuza mlangoni petu hapa mjini Mahalla, mpira wa mtungi wa gesi ukachomoka, moto ukashika kanzu yake, na ingawa alipona, ngozi ya shingo imejikaza hadi kidevu kimevutwa kifuani, hawezi kutazama juu, chai anainywa kwa mrija, na bado anatania, "Marehemu baba yako alitamani mke wa kuinamisha kichwa, amekufa bila kumwona," tunacheka, kisha naingia jikoni nalia. Daktari anasema ngozi hiyo ifunguliwe na ipandikizwe nyingine kutoka pajani, na kadiri tunavyochelewa ndivyo inavyozidi kukaza, lakini foleni ya hospitali ya serikali haisogei, na ya kulipia hatuiwezi hata tukiuza vitanda.

Ipo jumuiya ya hisani inayolipia upasuaji, ila kwanza humtuma mtu nyumbani kuona hali. Akaja Bi Mirvat. Mama alikuwa amechinja bata wetu wa mwisho, ameazima vikombe vya jirani na kujifunga mtandio mpya hadi kidevuni.

"Mnahitaji nini, mama?"

"Tumesitirika, alhamdulillahi."

"Hakuna kabisa kinachowapungukia?"

"Tumesitirika, mwanangu. Mbona hugusi bata? Au hujaupenda mkono wangu?"

Bi Mirvat akanitazama. Nami, mwenye shahada ya falsafa, nikamwongezea chai. Jibu likaja kwamba wapo wenye shida kutuzidi.

Nilipomlaumu mama alisema, "Ulitaka nimlilie mgeni ndani ya nyumba yangu? Afadhali nitazame sakafu mpaka nife." Sasa mtu mmoja mwenye ukurasa mtandaoni anataka picha ya mama bila mtandio, pamoja na jina lake, ili watu wachange, basi juzi alipolala baada ya adhuhuri niliufungua mtandio taratibu nikampiga picha, na tangu hapo nasita kuituma, nami sijui kama nasita kwa kumstahi mama au kwa kuona haya mimi, kwa ajili ya wenzangu wa chuo watakaoiona, na nahisi nisipolijua hilo sitajua lolote. Niitume?

Mwenye Picha, Mahalla

Mwenye Picha,

Usiitume. Ifute sasa hivi, kisha urudi kusoma.

Pole, mwanangu, kwa mama na kwa machozi ya jikoni. Lakini umenikasirisha. Mama yako hakudanganya. Aliulizwa hali na mgeni, akajibu kama alivyolelewa, na mimi ningejibu vivyo hivyo. Wewe ndiye uliyekuwa na ulimi mwepesi chumbani mle, na ulipotazamwa ukakimbilia birika! Kisha ukaona rahisi zaidi kumfunua mama aliyelala mbele ya nchi nzima kuliko kusema sentensi moja mbele ya mwanamke mmoja. Kama ni haya zake au zako, utalichambua akishapona.

Leo mwambie mama kwamba ulimpiga picha na umeifuta. Atakukaripia, nyamaza, umbusu mkono. Akishatulia, usimwombe aseme mna shida, maana hatasema. Mwombe kitu kimoja tu: akae kimya wewe unapozungumza, na amwonyeshe Bi Mirvat shingo, mlango ukiwa umefungwa, wakiwa wanawake peke yao. Hiyo si aibu. Hata daktari ameiona.

Jumapili asubuhi, wiki ya kazi inapoanza, nenda ofisini kwa jumuiya ile na ripoti ya daktari, uombe waje tena. Wakikuambia shauri limekwisha, keti hapo hapo. Wakija, usipike. Maji yanatosha. Na mama akianza lile neno lake, mkatize, hata kama hujawahi kumkatiza tangu uzaliwe, useme: "Mama yangu hawezi kuinua kichwa. Nyumba imesitirika, shingo yake bado. Naombeni mumtibu."