Mtoto Tuliyemzoesha Kimya

Chumba cha nyuma, jirani na fundi viatu,
Jumatano, mchana.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua? Na shemeji, bado anakoroma na kukana? Sisi huku miili ni mizima, ila moyo wangu haujatulia, na wewe ndiye niliyezoea kukulilia.

Unajua baba mtoto anaoka mikate usiku kucha na kurudi jua likichomoza. Chumba ni kimoja, pazia moja. Basi tangu mtoto azaliwe tunaishi kwa kunong'ona ili mwenye kazi alale. Sufuria nazishusha juu ya kitambaa, bawaba za mlango nimezitia mafuta, redio tuliifungia sandukuni. Mtoto akikunja uso tu, nampa ziwa kabla hajafungua mdomo.

Majirani wakamsifu, wakamwita Bwana Kimya. Nami nikavimba kichwa. Mtoto asiyesumbua, nani asingejisifu?

Juzi nilimpeleka kliniki kupimwa. Uzito mzuri, mapaja yamejaa, nesi akafurahi. Kisha akamchekea na kumsemesha, mwanao akamtazama kama hakimu. Miezi mitano, dada, na hatoi hata "aguu". Nesi akatikisa funguo nyuma ya sikio lake. Mara ya kwanza hakugeuka. Mara ya pili aligeuka, lakini polepole. Basi ametuandikia twende kwa daktari wa masikio Ijumaa.

Halafu akaniuliza nyumbani nani huongea naye. Nilicheka. Mtu aongee na asiyeweza kujibu? Nesi hakucheka. Akasema mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa, tumtazame machoni, tumwimbie, tumwitikie kila anapotoa sauti, maana moyo na akili yake vinakua kwa hayo kama mwili unavyokua kwa maziwa. Akauliza tena kama huwa analia akilowa.

Nikamwambia halii. Huwa nakuta nepi chepechepe na yeye ametulia tu, anatazama dari. Mimi nilidhani ni bahati.

Sasa nabaki na mawili. Ama hasikii, ama tumemfundisha kwamba akiita hakuna atakayeitika. Sijui lipi ni baya zaidi. Nikimwosha najikuta namchungulia masikio, kana kwamba kuna kitu nitakiona humo.

Baba yake nilimweleza kwa woga, maana usingizi wake ndio riziki yetu. Alimaliza kula, akainuka, akaitoa redio sandukuni. Akasema yeye atalala hata kwenye kinu cha kusaga. Kusema ni rahisi. Leo amerudi macho mekundu, ameunguza sinia zima la mikate na msimamizi amemfokea mbele ya wenzake. Wakimfukuza tutashika wapi?

Mimi naongea mpaka koo linakauka. Namweleza habari za vitunguu, namsimulia ugomvi wa fundi viatu na wateja wake, na wewe nakusengenya kidogo. Ananitazama mdomo. Jana niliona midomo yake inachezacheza, sauti haitoki. Labda nilijipa moyo tu.

Wewe ndiye uliyetulea wadogo zako, hebu niambie ukweli: kati yetu yupo aliyechelewa kusema? Na ukipiga simu usiimalize yote na mimi. Nitaiweka karibu na sikio lake, umwimbie ule wimbo wako wa kufulia.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa miwani, na wale mapacha wako watundu. Mungu akufunike huko ugenini, na mlango utakaoubisha ufunguke.

Nilikuwa natia sahihi, dada, ikabidi niiache kalamu. Amelowa, na analia. Analia kwa sauti ya kupasua bati. Mguu wangu ulishanyanyuka kwenda kumnyamazisha kwa ziwa, mazoea hayo, lakini baba yake ameniwahi. Ameamka na unga bado kichwani, amemwinamia, na anamwambia kwa sauti kubwa, sauti ambayo chumba hiki hakijaisikia mchana tangu tuhamie: "Nimekusikia, mwanangu. Nimekusikia."

Ijumaa tunakwenda vilevile. Tuombee.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako, mama Bwana Kimya