Nimefagia Nyumba ya Bibi, Kampuni Inasema Amehama

Mshauri wangu mpendwa, kaa kitako kwanza, na kama una kikombe cha chai mkononi kitue, maana shida niliyonayo inanichekesha na kunitoa jasho kwa wakati mmoja, hata mwandiko wenyewe unarukaruka kama unavyoona.

Mimi ni mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni mjini, kazi yangu kutandika vitanda, kukunja mataulo na kupiga deki, na naipenda kazi hiyo hadi wenzangu wananiita Dada Fagio. Likizo ya mwaka huu nilijiunga na kikundi cha watu wa mjini wanaowaunga mkono wenyeji wa asili wa kule kilimani, familia zilizokuwepo pale tangu kabla barabara haijachongwa, na sasa kampuni ya makaa ya mawe inataka kuwahamisha kwa nguvu, iwapeleke bondeni kwenye vijumba vya bati vilivyopangwa mstari, ili yenyewe ichimbe chini ya vitanda vyao. Upande wa pili wa kilima wameshachimba, na huko chemchemi imekauka na makaburi yamefukuliwa. Ujanja wao ni mmoja, nyumba wakiikuta haina mtu wanatangaza kwamba imeachwa, na buldoza linaingia, kwa hiyo mwenyeji akisafiri mmoja wetu anakwenda kukaa kwake.

Mimi nilipangiwa kwa Bibi, nyumba ya kwanza ukitoka barabarani, ambayo ikianguka mashine zimepata njia ya kuwafikia wengine wote. Bibi alikuwa anakwenda mji mkuu kuieleza tume ya ardhi kwamba hahami, mama yake na bibi yake wamelala nyuma ya zizi na yeye hana mpango wa kuwaacha peke yao na watu wenye kofia ngumu. Alisindikizwa na mjukuu wake, fundi wa pampu za maji, na hapa mshauri naomba nipumue kidogo, kwa sababu yule kijana ana mikono mikubwa yenye grisi na sauti ya taratibu, na siku ya kwanza alinikuta nawapanga kondoo foleni wanywe maji mmoja mmoja, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu saa ile mimi chumvi naitia kwenye chai na wala sijali.

Siku ya kuondoka Bibi alinishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, kazi yako ni moja. Washa moto asubuhi na jioni, moshi utoke, walioko barabarani wauone. Mengine yaache yalivyo." Nikamjibu, "Sawa Bibi." Mshauri, ile sawa iliishia mdomoni.

Maana walipoondoka nilitazama ile nyumba nikaona, hapana, huyu kijana akirudi akute mwanamke alipita hapa. Nikaanza na mapazia, nikayashusha yote nikayafua, nikavua mashuka, nikakunja nguo za Bibi, nikafunga mafurushi kwa kamba nikayapanga uani karibu na mlango ili nipate nafasi ya kusugua sakafu, nikatoa viti, nikatoa masufuria, nikazima moto nikazoa majivu yote jikoni mpaka mafiga yakawa meupe, halafu nikawapeleka kondoo kwa jirani ili niwasafishie zizi lao, nalo likang'aa, mshauri, ungeweza kulala mle. Nikasimama katikati ya ua na fagio langu, najisikia malkia. Ndipo akapita mkaguzi wa kampuni na simu yake. Hakuniuliza neno, alitazama mlango, akatazama mafurushi, akatazama zizi tupu, akainua simu. Na mimi, najuta hadi kwenye meno, nilisogea pembeni ili mafurushi yangu yaonekane vizuri, nikatabasamu.

Kesho yake jirani alikuja mbio na simu mkononi. Picha yangu iko kwenye ukurasa wa kampuni, meno yote nje, na maandishi chini yake: Familia ya kwanza yahama kwa hiari. Jirani alinitazama, akatazama zile kamba, akasema, "Yaani Bibi ametuuza? Na wewe ndiye mfunga mizigo?" Akaondoka bila kusubiri jibu, na tangu hapo nikimsalimia mtu kilimani anageuka kuongea na kondoo wake.

Bibi na mjukuu wanarudi Alhamisi hawajui lolote, na Ijumaa tume yenyewe inakuja kilimani kujionea. Juzi nilipanda kwenye jabali moja ambako mtandao unapatikana vizuri, simu ya yule kijana ikaingia, akauliza nyumba ikoje, nikasema inang'aa! Akasema, "Hapo ndipo ninapokupendea." Mshauri, nilishuka lile jabali kwa kucheza, kisha nikafika uani nikakumbuka, nikalia, kisha nikakumbuka tena alivyosema, nikacheka. Niko hivyo mpaka sasa.

Sasa katibu wa kikundi chetu ananishauri niseme kwamba watu wa kampuni walikuja wakaniamuru kufunga mizigo kwa vitisho. Anasema kampuni imewahi kufanya hata mabaya kuliko hayo, nani atashangaa, na watu watawaka. Na mimi nimeshalitazama basi la Jumatano, naweza kuwa mjini kabla Bibi hajafika. Nidanganye, nikimbie, au niseme ukweli nimpoteze Bibi, kilima na mwanaume kwa mpigo mmoja?

Ni mimi, Dada Fagio, nyumba safi, moyo vurugu.

*

Dada Fagio,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimekunja uso. Tuanze na uso.

Wewe, binti, hukuombwa kuitengeneza nyumba ya Bibi. Haikuwa imeharibika. Watu wa kampuni wanakuja na ramani kumwambia kwamba anavyoishi si vizuri, wewe ukaja na sabuni. Najua nia zenu hazifanani, na ninakuamini, lakini mwenye nyumba alikwambia yaache yalivyo na hukumsikia. Kumuunga mtu mkono ni kufanya alichokuomba, hata kama alichokuomba ni kukaa karibu na moto na kupumua. Wewe ulitaka kuonekana. Basi umeonekana, nchi nzima, meno yote.

Haya, pole. Nimemaliza kugomba, karibu.

Mwambie katibu wenu mdomo wake aufungie kwenye moja ya yale mafurushi. Uongo wenu ukigundulika, na utagundulika maana mkaguzi ana picha yako unatabasamu kama bibi harusi, tume haitamwamini Bibi hata kwa yale ya chemchemi na makaburi, ambayo ni kweli tupu. Kampuni itafanya sherehe. Ukweli wako unaaibisha, lakini hauwezi kuvunjwa na mtu yeyote: mhudumu wa vyumba alipenda, akapagawa, akasafisha. Kila mwanamke aliyewahi kusubiri mgeni anaijua habari hiyo, na nina hakika kwenye tume hakosekani mmoja.

Kwa hiyo leo, kabla hujala, nenda kwa jirani. Usimtumie ujumbe, simama mlangoni kwake useme, "Ni mimi, si Bibi." Atakufokea. Mwache afoke, kisha uombe kondoo, na umwombe aje akusaidie kurudisha vitu mahali pake, kwa sababu yeye anajua kila kiti cha Bibi kinakaa wapi na wewe hujui. Toka hapo upande jabali lako umpigie kijana kabla hajapanda basi, na Bibi asikilize. Wasije wakaikuta habari barabarani. Ijumaa tume ikifika, usijifiche nyuma ya zizi. Inua mkono, taja jina lako kamili na kazi yako, useme wa pichani ni mimi, mizigo niliifunga mimi, na mwenye nyumba hajahama wala hahami. Barua yako nimeichapa yote, bila kupunguza hata chumvi ya kwenye chai, ili ikae hadharani kabla ya siku hiyo. Gazeti hili mkaguzi naye hulisoma.

Kuhusu mwanaume. Kijana aliyelelewa na mwanamke asiyetetemeshwa na buldoza sidhani atakimbia fagio. Akikasirika, ana haki, mpe muda na usimfuate na kitambaa cha kufutia vumbi. Na akikuacha, utaumia, nami sitakudanganya kwamba hutaumia. Lakini ukipanda lile basi la Jumatano, utakuwa umeiacha nyumba ya kwanza kilimani bila mtu ndani. Fikiria vizuri nani anaisubiri nyumba hiyo iwe tupu.

Wewe ulipewa kazi moja, na bado ni yako. Mapazia hata yakining'inia kombo, yaache. Majivu yakianguka, yaache. Weka fagio nyuma ya mlango, leta kuni, chutama pale kwenye mafiga uliyoyafanya meupe.

Washa moto, binti. Moshi utoke.