Nafasi Tupu za Ijumaa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimefika. Hapa Likoni tu wazima, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limepoa, na mamako amehamia Bombolulu, karibu na kazi yake.

Umeniuliza kama uwaambie wakubwa wa utafiti huko kwamba vipimo vya siku mbili ulivyoviandika hukuvichukua, nawe unaogopa kurudishwa nyumbani. Nami nilikuwa kijana serikali yetu iliposhirikiana na serikali ya ng'ambo kupima kupwa na kujaa kwa bahari. Kazi yangu ilikuwa kusoma ule mti wenye alama, hapa kivukoni, kila saa, na kuandika daftarini. Ijumaa nilikwenda msikitini, nikirudi nikajaza tarakimu za saa zilizonipita kwa kukisia. Mtoto wa pwani mimi, nani angenifundisha bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi?

Siku mtaalamu wa ile serikali ya ng'ambo alipolisifu daftari langu mbele ya watu, uso ukanishuka. Nikamwambia, "Bwana, za Ijumaa sikuzipima. Nimezikisia."

Akatoa kalamu, akazikata moja moja. Kisha akasema, "Ahsante. Sasa hizi nyingine naziamini."

Sikufukuzwa. Mpaka leo namwombea dua, wallahi, na sijui hata kama yu hai. Maana tangu siku ile, kila Ijumaa adhuhuri alisimama yeye kwenye kipimo, ili mimi niende nikaswali.

Nenda kawaambie, mama.

Babu yako,
Athmani