Maneno ya Yule Mama wa Kijapani

Jumamosi, 14 Juni 2025
Leo nimeonyesha ile picha ya Kijapani, ndefu, zaidi ya saa tatu. Vita vya zamani — farasi, bendera, wakulima wanatolewa shambani wanapewa mikuki. Kibanda changu cha video kimejaa, vijana wameuza ufuta, pesa wanayo. Nikatafsiri kwa maiki kama kawaida yangu. Yule jemadari nikamwita Kamanda Korosho. Wakacheka.

Karibu na mwisho kuna mama anamtafuta mwanawe kwenye maiti. Anamvua askari wa adui kofia ya chuma, anakuta kitoto. Chini pameandikwa kwa Kiingereza: huyu naye ana mama. Kiingereza changu cha kidato cha nne, lakini hiyo niliielewa. Mimi nikamsemea yule mama, "Bado mmoja! Mleteni!" Makofi mpaka bati likatetemeka.

Niliielewa. Niliogopa watapoa.

Jumapili, 15 Juni
Mzee Gaudens wa Mnero kanifuata. Jana alikuwemo. Vita vya Kagera alikwenda yeye na mdogo wake Amedeus, mdogo hakurudi. Kaniuliza, Isihaka, yule mama alisemaje? Sura yake na maneno yako haviendani. Nikamjibu, ndivyo alivyosema, mzee. Akasema, haya. Mama yetu alikuwa na sura ile siku tulipoletewa habari. Hakutaka aletewe mtu.

Nimemweleza mke wangu Hajra. Kasema: kwenye maiki unadanganya, bila maiki unadanganya, sasa mimi nikuamini saa ngapi?

Jumatano, 18 Juni
Nimekwenda Mnero. Mzee alikuwa anakung'uta ufuta. Nimemwambia yote. Hakukasirika. Kachukua mganda mwingine, kasema: mimi umeniambia. Na wale vijana?

Jioni nimeiangalia tena ile picha peke yangu, bila maiki. Kwenye kava la diski wameandika aliyeitengeneza alikuwa askari, nchi yao ikashindwa. Sasa naona kwa nini wale farasi wanakufa muda mrefu vile. Mimi pale niliweka utani.

Jumamosi, 21 Juni
Mapumziko kati ya diski ya kwanza na ya pili, naandika hapa hapa kibandani. Nimewatangazia nairudia, leo naisema ilivyo. Kamanda Korosho hayumo. Adinani wa bodaboda kasema: mjomba, leo unatuhubiria, tukalete sadaka? Kama nusu wametoka. Waliobaki wanasubiri kipande kimoja tu. Kumbe wiki nzima huko kijiweni ndiyo salamu yao — abiria akitokea, "bado mmoja, mleteni." Hata vijana wa Ruangwa waliokuja leo wameshafundishwa. Wanaiimba sasa hivi, wanagonga mabenchi.

Mzee Gaudens amekuja. Yuko mbele kabisa. Kageuza kiti. Haangalii ukutani, anawaangalia wao.

Adinani anaita, mjomba, weka basi. Diski ya pili imeshaingia. Maiki iko mezani, sijaishika —