Vipande Vilivyorudi Vyeupe

Hurlingham, 3 Machi 2025

Kaka Mwau,

Natumaini wewe na mkeo Kavindu mko wazima. Mimi siko. Naandika kwa sababu simu yangu hushiki.

Vile vipande vinne vya kauri nilivyokutumia uvikaushe kwenye tanuri lako la kuchomea meno ya bandia vilitoka chuoni vikiwa kahawia. Vimerudi vyeupe pe! Nilikuandikia nyuzi joto mia moja na ishirini, basi. Ile rangi ilikuwa majeraha. Vilipigwa mionzi makusudi, ili nipime ni haidrojeni nzito kiasi gani inanaswa pale kauri ilipoumia. Wewe umeviponya. Haidrojeni haikupata pa kukaa, na sasa namba zangu zinanifanya mwongo. Tarehe 28 nasimama mbele ya watahini. Niandikie ulivichoma kwa nyuzi ngapi, utie sahihi, ili wanikubalie kurudia kipimo. La sivyo, miaka minne ya masomo imeenda hivyo.

Dada yako,
Nzisa

Kabiria, 7 Machi

Nzisa,

Hatujambo, ila mimba ya Kavindu ina miezi sita na anachoka upesi.

Nilipoona vipande vyako ni kahawia nilidhani ni uchafu. Jino likitoka na rangi hiyo kwa tanuri yangu siwezi kulipeleka kwa daktari, nalirudisha ndani mpaka liwe safi. Nilidhani nakufanyia vizuri. Na hata hukuja kutusalimia, ulimpa Shem wa bodaboda pakiti ukarudi zako kwa wasomi.

Lakini hebu ngoja. Mionzi? Hilo neno nimelisoma mara ya kwanza kwa barua yako. Kavindu hushinda hapo kando ya tanuri akipaka meno rangi. Vile vitu vina sumu ama havina? Nijibu hilo kwanza, ndio nikuandikie nyuzi zako.

Kaka yako,
Mwau

Hurlingham, 12 Machi

Mwau,

Salamu tuziache leo. Unanigeuzia kesi. Swali lako ungeuliza kabla hujawasha tanuri. Nipe nyuzi kwa maandishi, hayo mengine tutaongea baadaye. Nimechoka kuona aibu kwa ajili ya mtu anayejiita fundi na hawezi kufuata namba moja kwenye karatasi.

Dada yako,
Nzisa

Hurlingham, 30 Machi

Kaka,

Hamjambo huko? Kavindu anaendeleaje? Hujaandika, nami nikanyamaza nikisubiri wewe uanze.

Watahini wameniahirishia mtihani miezi sita. Wanasema bila maelezo ya aliyevichoma hawana la kunisaidia.

Vile vipande havina sumu. Mashine iliyovipiga huijeruhi kauri lakini haiachi mionzi ndani yake. Haidrojeni yenyewe haina mionzi, na niliitia baada ya wewe kuvirudisha. Kavindu angeweza kuvibeba mfukoni mwaka mzima. Nilijua tangu siku ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa na hasira, nikataka nawe ukose amani kidogo. Nisamehe, kaka. Niandikie nyuzi.

Dada yako,
Nzisa

Kabiria, 4 Aprili

Nzisa,

Nyuzi mia tisa, saa moja. Karatasi yenye sahihi iko ndani ya bahasha hii. Kasome.

Tanuri niliivunja kwa nyundo tarehe ishirini na tatu. Nilikuwa nimeenda kwa madaktari wote watatu ninaowatengenezea, nikawaambia wasimwekee mtu jino lolote nililochoma tangu vipande vyako viingie humu. Hakuna anayeniita tena. Kavindu alirudi kwao, mjini Wote. Aliniuliza kama mtoto atazaliwa mzima, nikamwambia sijui. Kwa wiki tatu hilo ndilo jibu alilopata kwangu, kila siku anauliza na kila siku sijui.

Jana barua yako ilipofika nilimpigia simu nikamsomea yote. Alilia kwanza, machozi ya kushukuru. Kisha akauliza, "Alijua?" Nikamwambia ndiyo, alijua.

Akasema mtoto akizaliwa usiambiwe, na mguu wako usikanyage kwake. Nimemwambia sawa.

Mwau